Una Marson, mwanamke wa Jamaika aliyeunganisha familia kwa redio wakati wa vita

Mwaka wa 1941, jiji la London lilikuwa bado linaondoa vifusi vya nyumba zilizoangushwa na mabomu ya Wajerumani. Katika studio ya BBC, mwanamke mweusi wa miaka 36 alikuwa anawapanga mbele ya mikro vijana waliovaa sare za jeshi. Walitoka Jamaika, Trinidad, Barbados na visiwa vingine vya Karibi vilivyokuwa makoloni ya Uingereza. Kila mmoja alipewa muda mfupi tu: kutaja jina lake, kuwasalimia mama, baba, mke au mchumba, na kusema kwamba bado yuko mzima. Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilometa 7000 kutoka hapo, watu walikuwa wamejikusanya kwenye redio ya jirani, wakingoja kusikia kama jina la mtoto wao litatajwa.

Mwanamke huyo aliitwa Una Marson. Mwaka huo BBC ilimpa kazi ya kudumu, na hadi leo anahesabiwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutayarisha vipindi katika redio hiyo ya umma. Alikaa kwenye kazi hiyo miaka mitano. Alipoondoka alikuwa mgonjwa, na kazi aliyoianzisha ikaleta sifa kwa watu wengine.

Wakaaji wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa uzito wa salamu kama hizo. Mwaka wa 1994, watu walipotawanyika kwa mamilioni katika eneo la Maziwa Makuu, BBC hiyo hiyo ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Mjini Bukavu, Radio Agatashya ilifanya kazi ya namna hiyo hadi vita vya 1996. Na hadi sasa redio za mashariki mwa RDC zinasoma makomunike ya mtoto aliyepotezana na wazazi njiani, au ya mzee anayetafuta jamaa zake katika kambi za wakimbizi. Una Marson aliishika kazi ya kupitisha salamu za vita kwenye mawimbi zaidi ya nusu karne kabla.

Alizaliwa tarehe 6 Februari 1905 huko Santa Cruz, katika mkoa wa St Elizabeth, kusini-magharibi mwa Jamaika. Baba yake, Solomon Marson, alikuwa mchungaji wa kanisa la Wabatisti, watu ambao Goma na Butembo zinawajua vizuri. Una alikuwa kitinda mimba katika watoto sita. Nyumbani kulikuwa na vitabu, nidhamu na maombi, na mahali pa heshima mbele ya majirani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kabisa kisiwani mwaka wa 1838, lakini ngazi iliyoachwa na utumwa ilikuwa bado imesimama: Wazungu juu, machotara katikati, watu weusi chini. Mtoto wa mchungaji mweusi aliweza kupanda hatua moja au mbili. Zaidi ya hapo alikutana na mlango uliofungwa.

Alipata nafasi ya masomo ya bure katika Hampton, shule ya bweni ya wasichana ambayo wanafunzi wake wengi walikuwa Wazungu au wenye ngozi nyeupe kidogo. Humo alisoma mashairi ya Waingereza mpaka yakamwingia damuni, na humo pia alijifunza jinsi mtu anavyoweza kukaa katikati ya wenzake na bado akahesabiwa mgeni. Baba yake alikufa wakati Una bado ni msichana mdogo. Familia ikapungukiwa, mama akahamia Kingston, na ndoto ya kuendelea na masomo makubwa ikaisha hapo.

Kazi iliyokuwa wazi kwa msichana wa namna yake ilikuwa ya ofisini: kuandika haraka maneno ya bosi na kuyapiga kwa mashine. Una aliifanya. Lakini mwaka wa 1926 aliingia kama mhariri msaidizi katika gazeti moja la Kingston, na miaka miwili baadaye akaanzisha lake mwenyewe, The Cosmopolitan. Hakuna mwanamke wa Jamaika aliyekuwa amechapisha na kuhariri gazeti lake kabla yake. Aliandika kuhusu mishahara ya makarani wanawake, kuhusu haki ya mwanamke kufanya kazi na kupiga kura, na aliwapa nafasi waandishi wa kisiwani ambao magazeti makubwa hayakuwataka. Fedha hazikutosha. Mwaka wa 1931 gazeti lilifungwa, jambo ambalo mtu yeyote aliyejaribu kuendesha gazeti dogo, Goma au Kisangani, atalielewa bila maelezo mengi.

Wakati huo alikuwa ameshatoa vitabu viwili vya mashairi, Tropic Reveries mwaka wa 1930 na Heights and Depths mwaka wa 1931, na cha kwanza kilimpatia medali ya Taasisi ya Jamaika. Aliandika pia tamthilia, At What a Price, kuhusu msichana wa shamba anayehamia mjini kufanya kazi ofisini, halafu bosi wake Mzungu anampa mimba. Ilichezwa Kingston mwaka wa 1932. Mwaka huo huo Una akapanda meli kwenda London.

Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Jamaika alikuwa amezoea ubaguzi wa kunong'onezwa. London aliukuta umesimama mlangoni. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi katika kazi ya ofisi, lakini hakuna aliyemwajiri. Ofisi moja ya kutafutia watu kazi ilimwambia waziwazi kwamba haiandikishi wanawake weusi, kwa sababu wangelazimika kukaa chumba kimoja na Wazungu. Mitaani watoto walimpigia kelele kwa sababu ya rangi yake. Mwaka wa 1933 aliandika shairi la hasira lenye kichwa ambacho ni tusi hilo lenyewe alilokuwa anarushiwa. Yule msichana aliyelelewa kwa mashairi ya Waingereza hakuandika tena kama zamani.

Aliyempokea alikuwa Harold Moody, daktari wa Jamaika aliyekuwa na nyumba na kliniki katika mtaa wa Peckham. Moody alikuwa ameanzisha chama cha kutetea watu weusi mwaka wa 1931, League of Coloured Peoples. Una akawa sekretari wa chama, akahariri gazeti lake lililoitwa The Keys, akaandaa mikutano, akawapokea wanafunzi kutoka Afrika na Karibi waliokuwa wanakataliwa vyumba vya kupanga. Tamthilia yake ilichezwa na watu wa chama, na Januari 1934 ilipanda jukwaani Scala Theatre, katikati ya London, kwa siku tatu, ikiwa imeandikwa na mtu mweusi na kuchezwa na watu weusi. Chama hakikupata faida. Una alipata jina.

Mwaka wa 1935 alikwenda Istanbul, Uturuki, kwenye kongamano la kimataifa la wanawake, na huko aliwaeleza wajumbe jinsi watu weusi wanavyotendewa London, jiji ambalo wengi ukumbini walilihesabu kuwa mji mkuu wa ustaarabu. Miezi michache baadaye, Oktoba 1935, majeshi ya Mussolini yaliingia Ethiopia.

Kwa watu weusi wa dunia nzima, Ethiopia haikuwa nchi kama nyingine. Ilikuwa karibu peke yake barani Afrika katika kukataa kutawaliwa. Una alikwenda kwenye ubalozi wa Ethiopia mjini London kutoa msaada, na akawa sekretari wa balozi, Workneh Eshete, ambaye Waingereza walimwita Daktari Martin. Aliandika barua usiku na mchana, akiomba msaada, akijibu magazeti, akipanga mikutano. Mfalme Haile Selassie alipokimbilia Uingereza mwaka wa 1936, Una alifanya kazi naye pia, na alikuwa katika msafara wake uliokwenda Geneva, kwenye Shirika la Mataifa.

Tarehe 30 Juni 1936 mfalme alisimama kuhutubia. Waandishi wa habari wa Italia waliokuwa juu ukumbini walianza kumpigia filimbi na makelele, hadi polisi wa Uswisi wakawatoa nje. Alizungumza kwa lugha yake, Kiamhari, akaeleza gesi ya sumu iliyomwagwa na ndege juu ya wanavijiji na mifugo yao. Mataifa yalimsikiliza, halafu katika wiki zilizofuata yakaiondolea Italia vikwazo. Una alirudi Jamaika mwaka huo akiwa amechoka mwili na roho. Februari 1937 zikaja habari nyingine: baada ya jaribio la kumuua mkuu wa Italia mjini Addis Ababa, Waitalia waliua watu kwa maelfu, na kati ya waliouawa kulikuwa na wana wawili wa balozi Martin, vijana ambao Una aliwajua. Aliwaandikia shairi la maombolezo katika kitabu chake The Moth and the Star, kilichotoka mwaka huo huo.

Kongo inaingia katika habari hii kupitia Ethiopia, ingawa Una mwenyewe hakuwahi kufika Kongo. Waitalia walishindwa huko mwaka wa 1941, na katika majeshi yaliyowashinda walikuwemo askari wa Force Publique waliotoka Kongo ya Wabelgiji. Julai 1941 huko Saïo, magharibi mwa Ethiopia, jenerali wa Italia alisalimu amri mbele yao. Kambi ya jeshi ya Saïo, inayojulikana na kila mkaaji wa Bukavu, ina jina hilo kwa sababu hiyo. Wakati askari hao wanapigana, sekretari wa zamani wa ubalozi wa Ethiopia alikuwa ameketi mbele ya mikro ya BBC.

Alikuwa amerudi London mwaka wa 1938. Katika miaka miwili aliyokaa nyumbani aliandika katika magazeti, alianzisha pamoja na mwalimu Amy Bailey shirika la kusaidia watoto masikini wa Jamaika, na alipandisha jukwaani tamthilia yake Pocomania, ambamo ngoma na ibada za watu wa chini, zilizodharauliwa na wasomi, zilichezwa mbele ya wasomi hao hao. Mwaka huo wa 1938 wafanyakazi wa mashamba ya miwa na wa bandari waligoma na kuandamana, na polisi wakawapiga risasi. London ikaunda tume ya kuchunguza hali ya makoloni ya Karibi. Una alikuwa mmoja wa waliotoa ushahidi mbele yake, akizungumzia wanawake na watoto.

BBC ilimpokea kwanza kama mtu wa kulipwa kwa kila kazi, katika televisheni iliyokuwa changa kabisa. Vita vilipoanza Septemba 1939 televisheni ilizimwa, na redio ikachukua kila kitu. Uingereza ilihitaji makoloni yake: askari, vibarua, sukari, mafuta ya Trinidad. Ilihitaji pia watu wa makoloni waamini kwamba vita hivyo ni vyao. Hapo ndipo kipindi cha Calling the West Indies kilipopata umuhimu, na Machi 1941 Una Marson akaajiriwa rasmi kukitayarisha na kukitangaza.

Lazima isemwe wazi kwamba kipindi hicho kilikuwa propaganda. Mabosi wa BBC na serikali walitaka kuonyesha kwamba watoto wa Karibi wanatendewa vizuri Uingereza. Una alijua kuliko wao jinsi Uingereza inavyoweza kumtendea mtu mweusi. Aliikubali kazi hiyo, na wako waliomlaumu kwa kuikubali. Lakini ukiangalia alichokifanya na zile dakika alizopewa, lawama inapungua. Redio ya koloni kwa kawaida ilikuwa sauti ya London ikiwaambia watu wa mbali mambo ya London. Una aliwaweka watu wa mbali wenyewe mbele ya mikro. Rubani wa Trinidad, fundi wa Jamaika aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha silaha, muuguzi wa Barbados, mwanafunzi wa sheria: kila mmoja alizungumza kwa matamshi ya kwao, na nyumbani watu waliyatambua matamshi hayo kabla hata jina halijatajwa.

Jamaika yenyewe ilipata kituo chake cha kwanza cha redio, ZQI, mwezi wa Novemba 1939 tu. Vyombo vya kusikilizia vilikuwa vichache. Mwenye redio alikuwa na wageni kila jioni ya kipindi. Kwa watu hao, kusikia mtoto wa jirani akizungumza kutoka London halikuwa jambo dogo. Hadi hapo redio ilikuwa imewazoesha kwamba anayestahili kusikika ni Mzungu.

Nje ya studio kazi iliendelea. Nyumba ya Una ilikuwa mahali pa kufikia kwa askari na wanafunzi waliokosa pa kula sikukuu, waliofukuzwa na wenye nyumba, au waliopokea barua ya msiba. Mchezaji maarufu wa kriketi Learie Constantine, mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa anashughulikia wafanyakazi wa Karibi kwa niaba ya serikali, alikuwa mgeni wa mara kwa mara katika kipindi. Mwaka wa 1943 filamu fupi ya serikali, West Indies Calling, ilimwonyesha Una akiongoza matangazo pamoja na Constantine na Ulric Cross, afisa wa jeshi la anga kutoka Trinidad. Cross huyo alikuja baadaye kufanya kazi Afrika, na kuanzia mwaka wa 1967 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Filamu ipo mpaka leo, na ndani yake Una anaonekana ametulia na kuzungumza taratibu, kama mtu ambaye hana tatizo lolote.

Matatizo yalikuwepo. Baadhi ya Wazungu wenye asili ya Karibi waliokaa London hawakupenda kwamba sauti ya visiwa vyao ni ya mwanamke mweusi, na walilalamika. Wengine, watu wa visiwa vidogo, waliona anaipendelea Jamaika. Ndani ya BBC wako waliomuunga mkono na wako waliomwona mgumu, mwenye hasira za haraka, asiyekubali kusahihishwa. Huenda alikuwa hivyo. Alikuwa pia mtu anayebeba peke yake kipindi, salamu, barua za wasikilizaji, shida za askari na macho ya kila aliyengoja akosee.

Ipo picha moja ya Desemba 1942 ambayo wapenzi wa vitabu wanaijua. Imepigwa katika studio ya BBC wakati wa kipindi cha mashairi kilichoandaliwa na George Orwell kwa wasikilizaji wa India. Yupo Orwell, yupo T. S. Eliot, yupo mwandishi Mulk Raj Anand wa India. Katikati yao, karibu na mikro, ameketi Una Marson, aliyekuja kusoma shairi lake. Kwa miaka mingi picha hiyo ilichapishwa vitabuni kwa sababu ya wanaume waliomo.

Kutoka katika kazi hiyo ya mashairi alipata wazo lililozidi yote kwa umri. Salamu za askari zingeisha siku vita vitakapoisha. Una aliona kwamba mawimbi yale yale yanaweza kubeba hadithi na mashairi ya watu wa Karibi, yaliyoandikwa na wao wenyewe. Wakati huo mwandishi wa Kingston au Port of Spain hakuwa na mchapishaji, na watu wa Barbados hawakujua kilichoandikwa Guyana. Machi 1943, ndani ya Calling the West Indies, alianza kutenga dakika kila wiki kwa ajili ya maandishi hayo, na sehemu hiyo ikaitwa Caribbean Voices, yaani sauti za Karibi. Mwandishi alituma karatasi zake London kwa meli, zikasomwa studioni, na sauti ikarudi nyumbani kwake ikivuka bahari hiyo hiyo. Ni njia ndefu sana ya kumfikia jirani, lakini nyingine haikuwepo.

Mwaka wa 1945 BBC ilimtuma kuzunguka visiwa vya Karibi, na watu walimpokea kama jamaa ambaye hawajawahi kumwona. Mwaka huo pia alitoa kitabu chake cha nne cha mashairi, Towards the Stars. Vita viliisha. Na yeye akaanguka. Mwaka wa 1946 ugonjwa wa akili ulimshika kwa nguvu, akalazwa hospitalini, kisha akarudishwa Jamaika. Alikuwa na miaka 41.

Habari za ugonjwa huo zimekuwa zikisimuliwa kwa haraka, kana kwamba ni jambo la aibu. Haiwezekani kusema kwamba kazi ndiyo iliyomfanya mgonjwa. Alikuwa amewahi kupitia vipindi vya huzuni nzito kabla ya BBC. Lakini mtu aliyepita London ya mwaka wa 1932, Geneva ya 1936 na miaka mitano ya mabomu, huku akitakiwa kila siku kuwa mchangamfu hewani kwa ajili ya familia za wengine, alikuwa na sababu nyingi za kuchoka. Waandishi wa redio wa mashariki mwa RDC wanaopokea kila siku habari za maiti na za watu waliohama makwao wanaijua hali hiyo, hata kama katika vyumba vyao vya habari haizungumzwi sana.

Caribbean Voices ilichukuliwa na mtayarishaji mwingine, Henry Swanzy, mtu makini aliyeipanua na kuipa nguvu. Iliendelea hadi mwaka wa 1958. Humo zilisikika kazi za mwanzo za George Lamming na Sam Selvon. Derek Walcott, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1992, alisomwa humo akiwa bado kijana. V. S. Naipaul, aliyepata tuzo hiyo mwaka wa 2001, alikuwa mhariri wa kipindi hicho katikati ya miaka ya 1950. Wasomi wengi wanasema fasihi ya Karibi ya karne iliyopita ilizaliwa redioni, katika kipindi hicho. Kwa muda mrefu jina lililotajwa pamoja nacho lilikuwa la Swanzy.

Maisha yaliyobaki ya Una hayakuwa na mstari ulionyooka. Akiwa Jamaika, aliporudiwa na nguvu, aliingia katika Pioneer Press, kazi ya kuchapisha kwa bei ndogo vitabu vya waandishi wa kisiwani. Mwaka wa 1952 alihamia Marekani, akakaa Washington karibu miaka minane. Huko, mwaka wa 1960, akiwa na miaka 55, aliolewa na Peter Staples, ndoa haikudumu. Akarudi nyumbani, akaandika tena magazetini, akashughulikia tena watoto masikini. Jamaika ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, na katika serikali mpya hakukuwa na nafasi kubwa kwa mwanamke huyo aliyekuwa amezungumza na wafalme.

Mwaka wa 1964 alisafiri hadi Israeli kwa ajili ya mafunzo ya maendeleo ya wanawake. Alirudi akiwa dhaifu. Tarehe 6 Mei 1965 moyo wake ulisimama, mjini Kingston. Alikuwa na miaka 60.

Alibaki karibu amesahauliwa kwa zaidi ya miaka 30, mpaka mtafiti Delia Jarrett-Macauley alipopekua barua na faili za zamani na kuchapisha maisha yake katika kitabu mwaka wa 1998. Tangu hapo jina lake limeanza kurudi mahali pake. Mwaka wa 2009 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa kwenye nyumba alimowahi kuishi, Brunswick Park, kusini mwa London, na mwaka wa 2022 BBC ilionyesha filamu kuhusu maisha yake. Katika eneo hilo hilo la Southwark, ambako miaka ya 1930 alikuwa anarudi jioni bila kupata kazi, kuna sasa maktaba ya umma inayoitwa Una Marson.